Nusu Pazia: Kulihakiki Dirisha la Machakos

Pazia lililotumika hujieleza lenyewe siku linaposhushwa na kuanikwa. Chukua la sebule inayotazama magharibi, katika nyumba yoyote ya Machakos ambayo jua la alasiri huipiga bila mti wa kulizuia. Litandaze kwenye kamba, kisha utazame upande uliokuwa umeelekea kioo. Juu kabisa, kwenye kulabu, rangi ni ile ile ya dukani, kwa sababu ukuta ulio juu ya kioo ulipakinga. Katikati, mkabala na kioo, kitambaa kimechujuka: migongo ya marinda imepauka, mabonde yake yamehifadhi rangi, na pazia lisilokuwa na mistari limepata mistari. Chini, pale kitambaa kilipopita kizingiti cha dirisha na kuning'inia mbele ya ukuta, rangi inarudi kuwa kama siku kiliponunuliwa. Jua limeandika hapo na maandishi yake yanasomeka. Yanaonyesha ni sehemu gani ya kitambaa iliyofanya kazi ya kuzuia mwanga, na ni sehemu gani kubwa iliyokuwa pale kwa ajili ya umbo tu.

Umbo ndilo ninalotaka kulihakiki. Darasani tumezoea kutenganisha fani na maudhui, kisha tukauliza kama fani imeyabeba maudhui yake ipasavyo. Pazia la nyumbani lina maudhui mawili, mwanga na sitara. Mwenye nyumba anataka chumba kiwe na nuru isiyoumiza macho, na anataka asionekane na asiyehusika. Mambo haya yanaandamana lakini hayafanani, kwa sababu jua na jicho la mpita njia haviingii kwa njia moja. Mwanga wa anga hutoka juu. Jicho, mara nyingi, hutoka usawa wa barabara. Pazia tulilolizoea Machakos, na Kenya kwa jumla, huyajibu yote mawili kwa kitambaa kimoja kinachofungwa chote au kufunguliwa chote. Ukitaka sitara, unalipa kwa giza. Ukitaka nuru, unalipa kwa kuonekana. Hilo ni kosa la fani, na linarekebishika.

Tuanze na dirisha lenyewe. Nyumba nyingi za matofali na mawe za hapa, mjini na vijijini, zina dirisha la chuma, la futi 5 kwa 4 au karibu na hapo. Ndani ya fremu mna chuma kilicholala, kinachoikata fremu karibu na juu. Chini ya chuma hicho kuna vioo vikubwa, vingine vimefungwa moja kwa moja, vingine hufunguka kwa nje. Juu yake kuna vidirisha vifupi vinavyofunguka kivyake, na juu zaidi, ukutani, matundu ya hewa. Nyuma ya kioo kuna grili. Aliyelibuni dirisha hili alikwisha kuligawa: juu pa hewa na anga, chini pa kutazamia nje. Halafu anakuja fundi wa mapazia. Anapigilia sanduku la mbao karibu na dari na kuteremsha kutoka humo kitambaa kinachofunika kila kitu hadi sakafuni. Mgawanyo wa fremu haupo tena. Vidirisha vya juu vimezibwa, na matundu ya hewa pamoja navyo.

Machakos iko takriban nyuzi 1.5 kusini mwa Ikweta, na jambo hili linapaswa kuamua uchaguzi wa pazia kabla ya rangi ya makochi. Mwezi Juni saa sita mchana jua huwa upande wa kaskazini, juu sana, nyuzi 65 hivi kutoka upeo wa macho. Desemba huwa kusini, nyuzi 68 hivi. Karibu na ikwinoksi za Machi na Septemba linapita utosini. Kwa hiyo dirisha la kaskazini au la kusini lenye kimo cha mita 1.2 linakingwa adhuhuri na paa lililochomoza zaidi kidogo ya nusu mita. Pazia zito hapo halina kazi ya maana mchana. Lakini saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeelekea upande wa vilima vya Mua, limekwisha kushuka hadi nyuzi 22 hivi. Ili paa likikinge kioo cha kimo kile kile kilichoelekea magharibi, lingehitaji kuchomoza karibu mita 3. Nyumba za kawaida hazijengwi hivyo. Ndiyo maana dirisha la magharibi huchujua makochi na kuifanya runinga isionekane, na la mashariki humwamsha aliyelala kabla hajataka.

Hata hivyo madirisha yote ya nyumba moja huvishwa kitambaa kimoja, chenye uzito mmoja, kwa sababu mapazia yamenunuliwa kama seti. Natambua uzuri wa kurudiwa kwa rangi moja chumba hadi chumba. Marudio ni mbinu halali. Lakini mwandishi anayerudia neno lile lile katika kila ubeti bila kujali ubeti unasema nini hatusemi kwamba ana mtindo.

Tabaka ninalolisifu bila kusita ni neti, ile nyeupe na nyepesi inayokaa nyuma ya pazia zito. Inachukuliwa kuwa kitu cha kujazia, cha bei ya chini, cha kununuliwa mwisho pesa zikibaki. Kifani ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote za dirisha letu. Mchana, nyuzi zake nyeupe hushika mwanga wa nje na kuurudisha kwa yule anayetazama kutoka nje. Jicho lake linajaa weupe huo, na chumba kilichoko nyuma, chenye nuru ndogo, hakimfikii. Wakati huo huo aliye ndani anaona geti, mti, mtoto anayerudi kutoka shule. Neti ya rangi nzito humwezesha aliye ndani kuona nje vizuri zaidi, ila haina ule mng'ao wa kumpumbaza aliye nje. Kwa hiyo anayechagua weupe anachagua sitara, na anayechagua kijivu anachagua mandhari, na ni vizuri ajue hivyo akiwa bado dukani.

Marinda nayo yana kazi. Neti ya madirisha huuzwa mara nyingi ikiwa na upana wa mita 2.8. Fundi huulaza upana huo uwe kimo, kisha akakata urefu anaouhitaji. Ikikatwa sawasawa na dirisha na kuvutwa ikanyooka, jicho la nje linakutana na safu moja tu ya nyuzi. Ikikatwa mara mbili, yaani mita 3 kwa dirisha la mita 1.5, kila rinda hulaza kitambaa juu ya kitambaa: mahali pengine safu moja, pengine mbili au tatu. Mtu akisogea nje, safu hizo zinapishana mbele ya macho yake na picha ya ndani haikamiliki kamwe. Fundi anapouliza kama unataka marinda mengi au machache, anauliza kiasi cha sitara unachotaka, hata kama yeye anafikiria mita za kitambaa tu.

Udhaifu wa neti ni saa. Kwetu machweo hayakawii. Jua la Machakos huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na dakika 20 baadaye ni giza la kuhitaji taa. Mtu akiwasha stima sebuleni, mambo yanageuka. Sasa ndani ndiko kwenye mwanga na nje ndiko gizani, na neti ile ile iliyomficha saa tisa inamwonyesha mpita njia nani ameketi wapi, runinga inaonyesha nini, na chakula kimefika mezani au bado. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, na inaitaja nyumba yake. Jioni, haki hiyo inashikiliwa na yule anayekumbuka kuvuta pazia zito kabla ya kubonyeza swichi.

Hapo pazia zito linapata kazi yake halali: usiku kwa madirisha yote, na mchana kwa yale ya mashariki na magharibi. Lifanywe basi liifanye kazi hiyo. Kitambaa kizito cha rangi ya giza kisicho na bitana hunyonya jua, kikapata moto, na kwa kuwa kiko upande wa ndani wa kioo, joto lake linabaki chumbani. Bitana nyeupe upande wa kioo hurudisha sehemu ya jua nje kabla halijageuka kuwa joto, na huikinga rangi ya kitambaa chenyewe isichujuke. Kati ya Juni na Agosti, ukungu ukiwa umelala kwenye vilima vya Iveti, bitana hiyo hiyo hupunguza baridi inayotoka kwenye kioo usiku. Fimbo nayo ipite ukingo wa dirisha kiasi cha sentimita 25 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae mbele ya ukuta. Fimbo fupi huliacha pazia lililofunguliwa likiwa bado limefunika sehemu ya kioo, na chumba kikawa na giza saa nne asubuhi bila sababu. Sanduku la mbao, kwa maoni yangu, liondoke kabisa. Linabana mwanga wa juu, ambao ndio bora kuliko wote, linakusanya vumbi, na linaficha reli ambayo haina la kuonea aibu.

Jibu bora zaidi la kifani liko mahali tunapopita kila siku bila kulitazama, katika hoteli ndogo za mji, zile za chai, chapati na muthokoi. Misumari miwili imepigiliwa kwenye fremu, waya umevutwa kati yake, na kwenye waya pametundikwa pazia fupi linalofunika nusu ya chini ya dirisha tu. Litazame kwa makini. Anayekula ameketi, kichwa chake kiko mita 1.2 au 1.3 kutoka sakafuni, chini ya waya. Anayepita nje amesimama, macho yake yako kama mita 1.6 kutoka ardhini. Waya ukiwa juu kidogo ya usawa huo, anachoweza kuona ndani ni dari na sehemu ya juu ya ukuta wa mbali, pengine kalenda na bei za vyakula. Mwanga nao unaingia juu ya waya bila kizuizi. Na mwanga unaoingia kwa juu ndio unaofika mbali ndani ya chumba, kwa sababu kadiri kioo kinavyokuwa juu ndivyo nuru ya anga inavyoangukia sakafu iliyo mbali zaidi na ukuta wa dirisha. Hoteli yenye dirisha moja tu la mbele ina nuru hadi meza ya nyuma, na hakuna mteja anayetazamwa akimega chapati.

Hili ndilo pazia lililoyatenganisha maudhui mawili na kuyapa kila moja sehemu yake: jicho limekatazwa chini, jua limekaribishwa juu. Linakaribia mgawanyo ambao fremu ya chuma ilikuwa imeuchora. Halina kitambaa kisichofanya kazi. Kama lingekuwa shairi, tungesema mshairi alijua mshororo wake unakatwa wapi.

Kwa nini basi halijaingia sebuleni? Kwa sababu ya heshima. Nusu pazia limebandikwa cheo cha hoteli na jikoni, na sebule ya Ukambani inapokea wageni. Ina makochi yenye vitambaa vya kufuma kwa mkono, picha za mahafali, kabati la vyombo, na pazia refu linalogusa sakafu. Mama aliyechanga katika chama mwaka mzima ili mapazia yawe mapya Krismasi, watoto wakija kutoka Nairobi, anafanya jambo la maana na simpingi. Ninachopinga ni dhana kwamba heshima inakaa kwenye urefu wa kitambaa. Nusu pazia lililoshonwa kwa kitambaa kizuri, lenye pindo pana na marinda ya kutosha, likaning'inizwa kwenye fimbo nyembamba ya shaba mahali pa waya, lina staha kuliko pazia refu lililovutwa saa saba mchana huku taa imewashwa. Linaweza kuwa la neti likakaa pale daima, na pazia refu likabaki kwenye reli yake ya juu likisubiri jioni.

Wapangaji wa vyumba vya ploti wamekwenda mbali zaidi ya wenye nyumba kubwa katika jambo hili. Chumba kimoja chenye dirisha dogo hakiwezi kufunga mlango mchana, maana mlango ndio dirisha lake kubwa. Kwa hiyo mlango unaachwa wazi na pazia linatundikwa mlangoni. Halifiki chini, linaishia kiganja kimoja au viwili juu ya sakafu. Upepo unapita chini yake, mwanga unatambaa sakafuni, na aliye ndani anaona miguu ya anayekuja kabla hajapiga hodi. Jirani anasoma pia: mlango wazi na pazia limeteremka, mwenyewe yupo, ita ukiwa nje; pazia limefungwa fundo, ingia. Ndani, pazia la pili limekigawa chumba, kitanda upande mmoja na viti upande mwingine. Vipande viwili vya kitambaa, na vimegawa ardhi ya umma, ya mgeni na ya mwenye nyumba. Sijui ghorofa ya kifahari iliyopanga ngazi za faragha kwa uwazi kama huo.

Wajenzi wa Lamu walilijua jambo hili kwa karne nyingi. Nyumba ya mawe ya mji ule, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, huuonyesha mtaa ukuta karibu mtupu. Mgeni huketi kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, na njia ya kuingilia hupinda, hivi kwamba hata mlango ukiwa wazi jicho linagonga ukuta. Nuru ya vyumba haitoki mtaani. Inatoka kwenye kiwanda, ua wa ndani ulio wazi kwa anga. Jicho na jua vimepewa milango tofauti, mmoja ukafungwa na mwingine ukaachwa. Nusu pazia la hoteli ya Machakos limefikia hitimisho lile lile kwa misumari miwili na waya.

Lakini fani hii ina mipaka. Machakos ni mji wa vilima, na nyumba iliyojengwa kwenye mteremko chini ya barabara hutazamwa kutoka juu. Jicho likitoka juu, nusu pazia limeshindwa. Ni hivyo hivyo Mlolongo na Syokimau, upande wa kaunti unaopakana na Nairobi, ambako ghorofa zimesimama uso kwa uso na dirisha la jirani liko usawa wa lako au juu yake. Hapo vibao vya kulala vya blaindi vina kazi, vile ambavyo Edward Bevan alipewa hataza yavyo London mwaka 1769. Vikiinamishwa ukingo wa nje ukawa chini na wa ndani juu, vinazuia jua la juu na jicho la juu kwa pamoja, na aliye chini barabarani anaona dari tu. Vikigeuzwa, ukingo wa nje ukawa juu, nuru ya anga inaingia na aliye chini haoni kitu, lakini jirani wa ghorofa ya nne anaona zulia lako. Watu wengi huvigeuza mpaka waone giza la kuwatosha bila kuuliza jicho linatoka wapi.

Na kuna blaindi ya kuviringisha, iliyotoka maofisini na sasa inauzwa kama alama ya nyumba ya kisasa. Ni nadhifu, na haihitaji kufuliwa kila mara. Kifani, kwa dirisha la nyumba ya chini, ni kinyume cha kila tunachohitaji. Inashuka kutoka juu. Ikifika nusu imekwisha kuziba anga na kuacha wazi sehemu ile hasa ambayo mpita njia anatazamia, naye aliyeketi ameonyeshwa wazi. Ili apate sitara lazima aishushe yote, na akishaishusha yote amewasha taa mchana. Zipo zinazopanda kutoka chini kwenda juu, na anayeipenda blaindi aitafute hiyo.

Kwa wenye ploti na wote wanaojenga nyumba za kupangisha Machakos, ombi langu ni hili. Wapangaji wengi hukatazwa kutoboa ukuta, wakaishia kutundika leso kwa misumari ya kuazima. Kabla hamjapaka rangi, pigeni reli mbili kwenye kila dirisha, moja juu na nyingine kwenye usawa wa kile chuma kilicholala ndani ya fremu. Madirisha ya magharibi yapeni kivuli cha nje, maana jua likishapita kioo hakuna kitambaa kitakachorudisha joto lote. Pasipo na pesa za kivuli cha kujengwa, pandeni mwembe.